Wapangaji wa Tumbo la Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kuwaogopa mama wakwe zao, aliishi Fisi mmoja, Mzee Mbaruku. Asubuhi maini, mchana nyama choma, jioni supu ya mifupa. Mboga aliziita chakula cha mbuzi, na watoto wake sita walimwiga.

Siku moja tumbo lilimkata, na chooni akaona damu. Aliogopa sana, maana baba yake alikufa hivyohivyo. Akaenda kwa tabibu, Korongo mwenye mdomo mrefu, akisindikizwa na jirani yake Nguchiro. Korongo akachungulia, akakata kinyama kidogo kilichoota utumboni: kwachu.

"Bado hakijawa saratani," akasema. "Ila ukiendelea hivi kinaweza kuota kingine. Tumboni una wapangaji, vijidudu visivyoonekana. Wapo wema, wapo wakorofi. Nyama unayofakamia ina madini ya chuma. Damu yako inachukua kiasi chake, yanayobaki yanateremka hadi utumbo mpana. Huko wakorofi wanayala, wananenepa, wanauchokonoa ukuta."

"Na wale wema?"

"Wana njaa. Wao wanataka kunde, bamia na dona."

"Basi wahame," akasema Fisi, akaenda kutafuta ubavu.

Nguchiro alimpenda jirani yake yule, mbishi hivyohivyo. Akawaza: Fisi hamsikilizi mtu, ila chakula cha ukweni hajawahi kukikataa wala kukibakiza. Mkwe akibakiza, habari inafika hadi kijiji cha tatu.

Kesho yake akamwambia, "Mzee Mbaruku, paa la mama mkwe wako linavuja. Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba binti yao ameolewa na tumbo."

Fisi huyoo, nyasi begani. Mama mkwe, aliyekwisha kunong'onezwa na Nguchiro, akaandaa kunde, bamia na dona.

"Kula, baba."

Fisi akafumba macho, akala yote. "Ahsante, mama."

Akaezeka kutwa. Kulipokucha, paa lina tundu. Akaziba. Kesho yake, tundu jingine. Miezi ikapita, paa haliishi, bamia haziishi. Nyumbani alirudi ameshiba, nyama akaionja tu.

Asubuhi moja akawahi, akasikia juu ya paa: chwa, chwa, chwa. Alikuwa Nguchiro, mdomo umejaa nyasi.

"Kumbe ni wewe," Fisi akasema polepole.

"Ni mimi. Utanipiga, lakini kwanza twende kwa Korongo."

Korongo akachungulia kwa muda mrefu.

"Ukuta wa utumbo umetulia. Sioni kinyama kipya. Naona wale wema wamepata chakula."

Fisi akaketi chini akalia, akiwataja watoto wake mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Nguchiro.

"Lile tundu naliziba leo. Kesho toboa jingine, nitakuja na watoto wote sita."

Basi wanangu, mlisheni mpangaji mwema aliye tumboni mwenu, mkorofi asije akawa mwenye nyumba.