Mikunjo Mitatu Begani

Wapendwa, mavuno yenu nimeyaona pale mlangoni. Viazi, mahindi, mikungu ya ndizi, na jogoo mmoja ambaye tangu tuanze ibada hajakubali kunyamaza. Tutayaleta mbele muda si mrefu. Kabla ya hapo nipeni dakika chache niwasimulie habari ya fundi mmoja wa nguo, wa mji wa baridi kama huu wetu.

Fundi huyu kazi yake hasa ilikuwa kubuni. Kushona, wengi wanajua. Yeye ukimpelekea kitenge chako alikitazama, akakutazama na wewe, kisha akachukua penseli akakuchorea gauni ambalo hujawahi kuliona kwa mtu. Ukilivaa, linakukaa kana kwamba ulizaliwa nalo. Kilichompa jina zaidi ni bega. Alikuwa na namna yake ya kukunja kitambaa kwenye bega la kushoto, mikunjo mitatu, mmoja juu ya mwingine, ikishuka hadi karibu na kiwiko. Mji mzima ukalipenda. Ikafika mahali bibi harusi asiye na bega lile anaonekana kama ameolewa kwa haraka.

Sasa usharika wao ukawa unakaribia kutimiza miaka hamsini. Kwaya ya akina mama, waimbaji thelathini na wawili, wakakubaliana kushona sare mpya. Kila mmoja akanunua kitenge chake, wote kitambaa kimoja, bluu yenye maua meupe, akabandika karatasi yenye jina lake, akakipeleka kwa fundi. Mwenyekiti wa kwaya akamwambia, "Fundi, bega tumeshalizoea. Safari hii tubunie kitu kipya. Kitu cha miaka hamsini."

Fundi akasema, "Mama, hilo niachieni mimi."

Akakaa mezani na penseli yake. Siku ya kwanza hakikumjia kitu. Kufikia siku ya nne alikuwa amechora magauni kumi na moja, na kila alipomaliza moja aliona ni lile lile la mwaka juzi, limebadilishwa kola tu. Akayachana yote. Wiki ya pili akatafuta magazeti ya mitindo, akayafunua mpaka kurasa zikalegea. Wiki ya tatu akaona tatizo ni kelele za wateja wanaoingia na kutoka. Akafunga mlango wa duka, akabandika karatasi nje: Fundi anabuni, usigonge. Mle ndani kukawa kimya kabisa, na kimya kile nacho hakikumletea kitu. Mwisho akafunga na kuomba. "Bwana, kipaji hiki ulinipa wewe. Mbona umekichukua?"

Nani kati yetu hajafika hapo? Mwalimu, ulikuwa unafundisha mpaka watoto wanasahau kwenda mapumziko, na leo umesimama mbele yao huna neno. Mama, ulikuwa unajua la kumwambia kila mtoto wako, na huyu wa mwisho humwezi kabisa. Na wewe mtunzi wa nyimbo za kwaya, naona umetazama chini. Unakaa mahali pale pale, na mikono ile ile, na hakuna kinachokuja. Inatisha. Maana mtu akishazoea kuitwa jina kwa ajili ya kitu fulani, siku kitu hicho kinapokauka anaanza kujiuliza yeye ni nani.

Zikabaki wiki tatu. Asubuhi moja fundi akamwambia mkewe, "Mama Subilaga, nimeishiwa. Nawarudishia vitambaa vyao, watafute fundi mwingine mapema."

Mkewe alikuwa anachambua maharage. Hakubishana naye. Akauliza tu, "Utavirudishaje?"

"Nitavipakia kwenye bodaboda vifike kwa mwenyekiti, yeye atawagawia."

"Hapana, Baba Subilaga. Watu thelathini na wawili walikuamini. Nenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mpe kila mmoja mkononi, umwambie asante kwa kuniamini. Hilo halihitaji kubuni."

Fundi hakupenda, lakini alijua mkewe amesema kweli. Akafunga vitambaa vya kwanza kwenye baiskeli akaondoka.

Nyumba ya kwanza alimkuta mama mwenye nyumba anaanika nguo. Kabla hata hajasalimia, macho yake yakaangukia gauni la kijani pale kwenye kamba. Alilishona yeye, miaka mingi nyuma, mama huyu alipokuwa anaagwa kwao. Lakini ubavuni, kuanzia kwapani hadi chini, mtu alikuwa ameingiza utepe mpana wa kitambaa chekundu.

"Nani ameliharibu?" aliuliza.

"Nimeliongeza mwenyewe, fundi. Nimezaa mara tatu tangu unishonee, na sikutaka kuliacha."

Fundi akalisogelea. Aliona aibu kidogo, maana kwa ule wekundu gauni lilikuwa limependeza kuliko lilivyotoka mikononi mwake. Hakusema hilo. Akasema maneno ya mkewe, asante kwa kuniamini, akamrudishia kitambaa chake, akaenda.

Nyumba ya pili alikaa mama anayeanzisha nyimbo kwenye kwaya ile. Fundi alipomweleza kwamba ameishiwa, mama yule akamtazama kwa huruma, akasema, "Basi kwa kuwa unaacha, nikwambie ukweli. Magauni yako ni mazuri tukiwa tumesimama. Tukiinua mikono kuimba yanabana kwapani, na huku chini yanapanda. Ile sare ya zamani mimi niliifumua kwapani nikaweka kipande. Wenzangu walipoona, wakaniletea na zao. Zote thelathini na mbili tulizitengeneza. Hukuona?"

"Sikuona," alisema fundi.

Na huyu, ndugu zangu, ni mtu aliyeketi mbele ya kwaya ile kila Jumapili kwa miaka mitano.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane, Mama Atupele, chini kabisa barabara inapoelekea mtoni. Mama huyu alimuuguza mumewe nyumbani miaka minne mpaka alipomzika. Akamkaribisha fundi ndani, akampa kiti karibu na dirisha. Fundi akatoa kitambaa, akasema, "Mama, asante kwa kuniamini. Sina tena kitu kichwani. Nimekuja kukurudishia."

Mama Atupele akakipokea, akakiweka magotini. "Kumbe umekuja kunishukuru. Na mimi, fundi, nimekuwa natafuta nafasi ya kukushukuru wewe, miaka saba sasa."

"Kwa lipi, mama?"

Mama Atupele akaingia chumbani akatoka na gauni la zambarau lililopauka. Fundi alilifahamu. Alilishona mwenyewe, gauni la kawaida la mikono mifupi, halina pambo lolote. Lakini kwenye bega la kushoto kulikuwa na mikunjo mitatu, mmoja juu ya mwingine, imeshonwa kwa mkono.

Fundi akatabasamu. "Uliiga lile bega langu."

Mama Atupele akampa picha. Ilikuwa picha ya kipaimara cha Atupele, mama na binti wamesimama mlangoni mwa kanisa, na mama amevaa gauni lile la zambarau, na mikunjo inaonekana wazi. Nyuma ya picha iliandikwa tarehe. Fundi akaisoma, akarudi kuisoma tena. Ilikuwa miezi miwili kabla ya ile harusi ya kwanza, ile iliyolitangaza bega lake mji mzima.

"Pasi yangu ya mkaa ilidondosha cheche pale begani, ikatoboa," alisema Mama Atupele. "Sikuwa na gauni lingine la kuvaa kanisani. Nikachukua vile vipande vya mabaki ulivyonirudishia, nikakunja, nikafunika tundu. Mkunjo mmoja haukutosha. Nikaongeza wa pili, na wa tatu."

Hapo fundi akakumbuka. Jumapili ile ya kipaimara alikuwa ameketi benchi la nyuma yake. Mahubiri yalikuwa marefu (msinitazame hivyo, hakuwa mchungaji wenu) na macho yake yalitua kwenye bega lile tangu somo la kwanza mpaka baraka. Alirudi nalo nyumbani kichwani bila kujua. Na lilipokuja kutoka kwenye penseli yake, aliamini kwa moyo wake wote kwamba limezaliwa kwake. Hakuiba kwa kukusudia. Alisahau. Wapendwa, wengi wetu si wezi. Tunasahau tu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nikuambie nini? Wakati ule Baba Atupele alikuwa kitandani, na kitanda chake kilikuwa hapo hapo ulipokaa. Miaka minne sikwenda popote zaidi ya kanisani na sokoni. Nilikuwa naketi dirishani hapa, naona mabinti wanapita kwenda harusini, na ile mikunjo iko begani. Nikamwambia mgonjwa wangu, tazama, mimi nimefungiwa humu ndani, lakini kuna kitu changu kinatembea huko nje. Alikuwa anacheka. Hata siku alizokuwa na maumivu, akiliona bega lile linapita alicheka. Ulikuwa unatuchekesha, fundi, na wewe hujui. Asante sana."

Asante ambayo fundi alitoka nayo nyumbani ilikuwa ya kuagia, ya mtu anayefunga duka. Sasa ilikuja nyingine ambayo hakuwa ameipanga. Akashuka kwenye kiti akapiga magoti, mtu mzima, mwenye jina lake mjini, akamshika mama yule mikono yote miwili. "Mama, asante. Bega lile ni lako. Nisamehe, nimelivika jina langu miaka saba."

"Inuka, fundi," alisema Mama Atupele, na akamrudishia kitambaa. "Chukua ukashone. Bado kuna wiki tatu."

Alirudi dukani akaibandua ile karatasi mlangoni. Siku iliyofuata akaanza kuwaita wale akina mama, watano watano, waliorudishiwa vitambaa wakaja navyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwapima wakiwa wameinua mikono juu, kama wanavyoimba. Kila mmoja alimuuliza, "Magauni yangu yalikuumiza wapi?" Nao wakamwambia. Huyu aliumia kwapani, huyu kiunoni, huyu alinyonyesha mtoto akalazimika kufungua zipu mgongoni mbele za watu. Alipokwenda mezani hakusubiri kitu kimjie, maana kichwa kilikuwa kimejaa. Siku ya sherehe walivaa gauni la bluu lenye kipande cheupe kuanzia kwapani hadi chini, unaweza kulipanua na unaweza kulipunguza. Walipofika kwenye kiitikio, mikono thelathini na miwili mara mbili ilipanda juu, na hakuna gauni lililopanda nayo.

Mzee wa kanisa alisimama akamsifu fundi. Fundi akaomba kipaza sauti. Akamwita Mama Atupele mbele, akasimulia yote, habari ya cheche na picha na dirisha, hakuficha. Kisha akamwita yule wa utepe mwekundu, na yule aliyeweka vipande kwapani. Akasema, "Mimi nilichora. Waliobuni ni hawa."

Sasa niseme nasi.

Fundi alifunga mlango ili kitu kimjie, na siku zote kitu kilikuwa kinaingia kwa mlango ule ule. Alimuuliza Mungu mbona umekichukua kipaji, na Mungu hakuwa amechukua chochote. Alikuwa amekituma, kama alivyokituma tangu mwanzo, kwa mkono wa mjane aliyekuwa anaziba tundu la gauni. Sisi nasi ndivyo tulivyo. Tunakuja hapa mbele na kikapu, tunasema asante Mungu kwa mavuno yangu, kwa akili yangu, kwa kazi ya mikono yangu. Mungu tunamshukuru, na tunafanya vema. Lakini aliyekupa mbegu mwaka ule mvua ilipokataa, umemwambia? Aliyekushikia mtoto ukasoma, umemwambia? Dada uliyejifunza kwake kupika, kwa kumchungulia tu, anajua? Mungu hana wivu na asante unayompa jirani yako. Huenda nafsi imekauka kwa sababu tumeendelea kuchota humo humo ndani, na hatutazami tena nani anatujazia.

Na mimi nisijifiche. Mwaka jana nilikuwa nimekauka. Jumamosi mchana nilikuwa naketi hapa kanisani na karatasi nyeupe mbele yangu, na nilishaandika barua ya kuomba nipumzishwe. Kuna mtu mmoja alikuwa anafagia kanisa siku hizo. Kila Jumamosi aliegemea ufagio akaniuliza swali moja. "Mchungaji, ile habari ya Jumapili iliyopita sikuielewa. Mtu aliyesamehewa, anajuaje kwamba amesamehewa?" Namjibu, anafikiri, anauliza lingine. Mahubiri mliyokuwa mkinipongeza mlangoni mwaka mzima, yalitoka kwenye maswali yale. Mlinishika mkono mkasema mchungaji leo umehubiri, nami nikasema asante, basi. Yeye alikuwa nyuma yenu anakusanya vitabu vya nyimbo.

Sijawahi kumwambia.

Kwa hiyo hatutaleta mavuno sasa hivi. Nyamazeni kidogo, kila mtu amtafute wake. Akiwa humu ndani, mwendee. Akiwa mbali, leo jioni mpigie. Akiwa amezikwa, watoto wake wapo, waambie.

Mama Tusekile, nakuona umeanza kusogea kuelekea mlangoni. Kaa hapo hapo ulipo, mama. Nashuka mimi.