Kwa Mkaguzi Picha Haikatiki

"Kwa mkaguzi picha haikatiki." Mlinisikia nikisema hivyo asubuhi pale bombani, yule ofisa wa maji alipowaambia kwamba maji yanatoka vizuri huku ndoo zenu zikiwa kavu miguuni pake. Mkacheka, kisha mkaniuliza picha zinaingiaje kwenye habari za maji. Kaeni basi. Methali hii ina chanzo chake, na chanzo chenyewe ni hiki.

Palikuwa na jiji linaitwa Pandamlima. Msilitafute kwenye ramani, ramani zenu hizi zimechorwa na watu wenye haraka. Zilipoingia televisheni za kebo, halmashauri ya jiji ikatunga sheria: kampuni yoyote itakayopitisha waya kwenye nguzo za jiji itasimamiwa na mkaguzi, na mkaguzi huyo atafungiwa kebo nyumbani kwake ili aone anachokikagua. Sheria nzuri. Ukiisoma umekaa, unaweza hata kupiga makofi.

Mkaguzi aliitwa Bwana Mwinyikondo. Hakuwa mla rushwa, na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana mla rushwa walau anajua anachokifanya. Kampuni ilimvutia waya wake peke yake, kutoka mtamboni moja kwa moja, mnene kama mkia wa ng'ombe. Ulipita juu ya mapaa ya watu wote bila kumsalimu mtu, ukaingia sebuleni kwake. Picha yake ilikuwa safi hata ungeweza kuhesabu vinyweleo vya msoma habari.

Kwingineko waya uligawanywa nguzo kwa nguzo, mtaa kwa mtaa, na mtaa wa mwisho ulikuwa Machimboni. Picha ilifika huko hoi, kama mgonjwa aliyebebwa kwa machela. Chenga tupu, vidoti vyeupe kioo kizima. Wazee wa Machimboni waliamini kabisa kwamba huko mpira unakochezwa kila siku kunanyesha mvua ya mawe.

Sasa, huko Machimboni alikuwapo mama mmoja mjane, Bi Siwazuri, mwenye banda la kuonyeshea mpira, lile mnaloliita kibanda umiza. Banda hilo ndilo lililowalisha yeye na wajukuu zake. Picha ikikatika, watu wanaondoka. Wakiondoka mara nyingi, hawarudi. Mabenchi yake yalikwisha kuanza kuota utando wa buibui. Na habari mbaya zaidi ilikuwa inakuja: halmashauri ilikuwa karibu kuiongezea kampuni ile mkataba wa miaka kumi. Miaka kumi ya chenga ingemfungisha banda kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Akaenda kwa mkaguzi.

"Bwana Mkaguzi, kwangu mpira unachezwa na vivuli. Na vivuli vyenyewe haviishi kukatika."

"Ngoja nikague," akasema Mwinyikondo.

Mnajua alivyokuwa akikagua? Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye kochi, akawasha televisheni. Kesho yake Bi Siwazuri alipokuja, akamwambia kwa upole kabisa, "Nimekagua, bibie. Picha haikatiki."

"Umekagua wapi, baba?"

"Kwangu."

"Basi wateja wangu niwalete sebuleni kwako?"

Mwinyikondo akamtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Kwa kweli alidhani watu wa Machimboni hawajui kutumia televisheni. Alikwisha hata kuishauri halmashauri iwafundishe.

Mambo yangeishia hapo, lakini kifo hakina ratiba. Mama mkwe wa Mwinyikondo alifariki, na matanga yakawekwa nyumbani kwake. Nyumba yenye msiba haiwashwi televisheni, hilo mnalijua. Ilifunikwa kwa kanga, ikakaa kimya kama na yenyewe imefiwa. Na katikati ya msiba ule, timu ya Pandamlima ikawa inacheza nusu fainali.

Mwinyikondo alikaa mkekani na waombolezaji, lakini roho ilikuwa uwanjani. Mwishowe akamnong'oneza shemeji yake mkubwa, Kidege, ambaye pia alikuwa diwani, "Shemeji, sukari ya chai naona imekwisha. Naenda kununua."

Akatoka. Mtaani kwake asingethubutu kuingia popote, kila mtu angemwona. Akashuka mpaka Machimboni, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, akajipenyeza benchi la nyuma kwa Bi Siwazuri. Yule mama akamjua kwa viatu. Machimboni nani ana viatu vinavyong'aa?

"Pole na msiba, baba. Sogea mbele."

"Nimekuja kununua sukari."

"Sukari mjukuu wangu ataifuata. Kaa kwanza."

Akakaa mbele. Akaona chenga. Akafikicha macho, chenga zikabaki pale pale. Akauliza timu yetu ni ipi, wakamwambia ni ile yenye vivuli vyeusi zaidi. Dakika za mwisho, Pandamlima wakapata penalti. Mpigaji akaweka mpira chini, akarudi nyuma, akaanza kukimbia, na picha ikakatika.

Watu wa Machimboni wakanyamaza tu, kama wanavyonyamaza watu waliozoea. Mwinyikondo peke yake ndiye aliyeruka. Akatoa simu, akapiga kwenye kampuni. Simu yake ilikuwa ya zamani, ina sauti kuliko adhana. Banda zima lilisikia.

"Huku Machimboni picha imekatika!"

"Ngoja nikague, mzee," akasema binti wa kampuni. Akaenda, akarudi. "Nimekagua. Picha haikatiki."

"Umekagua wapi?"

"Kwa mkaguzi wa jiji. Tuna televisheni hapa imeungwa kwenye waya wake. Ni safi kabisa. Mkaguzi akiridhika, jiji limeridhika."

"Mkaguzi ndiye mimi!"

"Mzee wangu, watu wa Machimboni wote ni wakaguzi. Jana amepiga waziri." Akakata.

Mwinyikondo akabaki na simu sikioni. Bi Siwazuri akamwekea kifuko cha sukari mkononi, akamwambia taratibu, "Ndiyo hivyo, baba. Kwa mkaguzi picha haikatiki."

Matanga yakaanuliwa, siku ya kikao ikafika. Bi Siwazuri alikaa nyuma ya ukumbi na wenzake wa Machimboni. Mwenyekiti akauliza, kabla hawajatia saini, mkaguzi anasemaje kuhusu picha.

Mwinyikondo akasimama. Mbele yake kakaa Diwani Kidege, kaka wa mkewe, ambaye siku ile ya mpira alikunywa chai chungu mbele ya wageni akimngoja.

"Kwangu picha haikatiki," akasema.

Bi Siwazuri akainamisha kichwa.

"Na kwa sababu hiyo," akaendelea, "tangu mnipe kazi hii sijawahi kukagua chochote. Machimboni hakuna picha. Kuna chenga, na chenga zenyewe zinakatika."

Diwani Kidege akainua uso. "Umejuaje? Uliwahi kufika Machimboni lini?"

"Siku ya nusu fainali."

"Siku ya sukari?"

"Siku ya sukari, shemeji."

Mwenyekiti akafunga kalamu yake. Mkataba haukutiwa saini. Halmashauri iliamua kwanza ule waya mnene ukatwe, na mkaguzi aungwe kwenye nguzo ya mwisho kabisa ya Machimboni, ale wanachokula wenzake. Mkinibishia shauri yenu, lakini kabla wiki haijaisha, Machimboni picha ilikuwa safi hata wazee wakagundua kwamba mvua ya mawe imekoma, na mabenchi ya Bi Siwazuri yakakosa nafasi. Mwinyikondo naye, kila alipokwenda kwa shemeji yake, aliletewa chai chungu mpaka uzeeni. Akiuliza sukari, anaambiwa, "Si ulikwenda kununua wewe?"

Haya. Huyo ofisa wenu wa asubuhi, bomba alilofungua akaona maji yanatoka, liko wapi?

Ofisini kwake, enhe?

Basi chukueni ndoo zenu, mkamngoje hapo hapo ofisini, na mwambieni aje achote wa kwanza kwenye bomba letu. Kwa mkaguzi picha haikatiki.