Machela ya Mavura

"Mbeba machela haulizwi kama ameliona jeraha."

Mmemsikia yule mama redioni akiwajibu hivyo waliomuuliza kwa nini chama chake cha wanawake hakijatoka hadharani kulaani kisa cha juzi cha mke aliyemjeruhi mumewe. Ninyi mmecheka, kisha mmeniuliza maneno hayo kayatoa wapi. Kayatoa kwetu, milimani Upare. Kaeni niwaambie yalivyoanza.

Enzi hizo barabara ya gari ilikuwa haijafika kijijini. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela, yaani miti miwili mirefu na blanketi katikati, mpaka hospitali ya misheni kule bondeni. Kubeba ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walifuata nyuma na chupa ya uji.

Kulikuwa na kikundi cha wanawake kikiongozwa na Namkunda, mjane aliyeshona nguo kwa cherehani ya mkono. Neno lao lilikuwa moja: mke si ngoma. Wakisikia mtu kampiga mkewe, walikwenda wote kukaa uani kwake, kimya, wakisuka vikapu, mpaka mwenyewe atoke azungumze. Wengine walitoka upesi kwa aibu. Wengine waliwatukana kwanza, ndipo wakatoka. Siku walipokaa uani kwa Bi Nanzia kwa ajili ya mwanawe mkubwa, Bi Nanzia aliwamwagia maji ya vyombo. Walikung'uta khanga zao wakaendelea kusuka.

Sasa Bi Nanzia alikuwa na mwana mwingine, Mavura. Huyu alikuwa mpole, hata kuku hakumfukuza kwa jiwe. Mkewe, Nakiete, akasikia uvumi kwamba Mavura anaposa mke wa pili. Haikuwa kweli. Hakuuliza. Mchana mmoja Mavura alirudi kutoka shamba lake la tangawizi, akajilaza, na Nakiete akammwagia sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Shingo, bega na kifua vikaungua vibaya. Nakiete alikamatwa kwa kaka yake jioni ile, akakabidhiwa polisi. Hakuna aliyemtetea, wala hapakuwa na cha kutetea.

Asubuhi pembe ikapigwa. Kwetu ilikuwa desturi kwamba uovu mkubwa ukitokea, kijiji kizima hukusanyika kiwanjani kutupa jivu. Kila ukoo na kila kikundi huchota jivu mkononi, hulitupa upande wa bondeni na kusema, "Hatumo." Mpaka wote waseme, hakuna anayeruhusiwa kuondoka, wala kushika jembe, wala kufungulia maji ya mfereji. Wazee waliamini kwamba asiyesema, uovu humganda.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Senzota, alisimama mbele ya watu akasema, "Leo waanze wale wa mke si ngoma. Tunataka kuwasikia."

Hawakuwapo. Tangu mchana wa jana walikuwa nyumbani kwa Mavura, boma moja na mama yake. Walichota maji, wakalowesha vitambaa, wakampepea, wakamnywesha kwa kijiko. Asubuhi hiyo Mavura alianza kutetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Namkunda akaona hapa hospitali haingoji tena. Akamtuma Elinaike, mdogo kuliko wote kikundini, aende kiwanjani kutupa jivu kwa niaba yao na kuomba wabebaji.

Elinaike akaenda, akachota jivu, akalitupa. "Kikundi chetu kinasema alichofanya Nakiete ni uovu. Hatumo. Tunaomba wabebaji, mgonjwa ana hali mbaya."

"Sauti!" akapaza Kilave, mtu wa mizaha, kutoka nyuma. "Siku mkiwasema wanaume mbona hamnong'oni?"

Watu wakacheka. Elinaike akarudia kwa nguvu.

"Mbona hamkusema jana?" akauliza Mzee Senzota.

"Jana tulikuwa tunachota maji, mzee."

"Unasema uovu. Uovu tu? Sema umezidi wa mume anayepiga."

"Mzee, mimi naomba wabebaji."

"Kwanza ujibu. Nani alimfundisha Nakiete kiburi hiki?"

"Hajawahi kukanyaga kwetu hata siku moja."

"Basi aje Namkunda mwenyewe aseme hivyo. Wewe ni binti wa juzi."

Elinaike alirudi akilia kwa hasira. Namkunda alikuwa amepiga magoti, akibana blanketi kwenye miti.

"Wamekupa wabebaji?"

"Hapana."

"Ukienda tena watakupa?"

"Watanipa maswali." Elinaike akafuta uso. "Lakini dada, kwa nini usiende tu ukasema? Si ni kweli ni uovu?"

"Ni uovu," akasema Namkunda. "Nimemwambia mama yake, nimewaambia polisi, na mahakamani nitasema. Nikienda pale, jua litafika utosini wakiwa bado wanapima sauti yangu. Halafu huyu atakuwa amekufa, nasi tutaitwa tena kulaani. Shika pembe hiyo ya machela."

Wakamlaza. Wanawake wanne wakainua, wengine wakafuata kupokezana. Bi Nanzia alikuja nyuma na chupa ya uji. Tangu jana hakuwa amesema nao neno, nao hawakumlazimisha.

Njia ya hospitali inapita chini ya kiwanja. Wanaume walipoiona machela, waliteremka mbio wakasimama njiani, Mzee Senzota mbele, jivu bado mkononi.

"Mnakwenda wapi kabla ya kusema?"

"Hospitali," akasema Namkunda. Mti ulikuwa umeanza kumchubua bega. "Tupisheni, baba."

"Neno moja tu! Ni kazi gani kusema neno moja?"

"Tangu lini machela ikavaa khanga?" akadakia Kilave.

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu Bi Nanzia alikuwa ameweka chupa chini na kupita mbele. Alikuwa mfupi. Ilibidi ainue kichwa kumtazama mwenyekiti.

"Senzota, huyu aliyelala hapa ni wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Basi kama kuna wa kuwadai walaani ni mimi, wala sijakutuma. Hawa niliwamwagia maji ya vyombo, wewe ulikuwapo na ulinisifu. Jana walipoingia kwangu nilidhani wamekuja kunicheka. Wameshinda na kukesha wakimtoa mwanangu ngozi iliyoshikana na shati. Wewe umefika kwangu tangu jana? Umeona shingo yake?"

Mzee Senzota akatazama jivu lililokuwa mkononi mwake.

"Hujaiona. Hapa hakuna mwanamume aliyeiona. Watu wamebeba machela, nanyi mnawasimamisha kuwauliza kama wameliona jeraha?"

Mavura akagugumia kitu kuhusu maji. Mti ulianza kumponyoka Elinaike, aliyeshika pembe ya nyuma. Kilave alimtazama, akamtazama mwenyekiti, kisha akapangusa jivu kwenye suruali yake na kwenda nyuma.

"Lete, dada," akasema. "Utamwangusha."

Baada yake wakaja wengine watatu. Mzee Senzota akasogea pembeni mwa njia, na machela ikapita. Kule kiwanjani, nusu ya kijiji haikutupa jivu siku ile, na sijasikia kwamba uovu ulimganda mtu kwa sababu hiyo.

Daktari alisema wangechelewa mpaka jioni wasingemkuta. Mavura aliishi, shingo ikabaki imepinda kidogo kushoto. Nakiete alifungwa. Namkunda alisimama mahakamani akaeleza alichokiona, bila kuongeza wala kupunguza, na wale waliotaka sana kumsikia akisema hawakuja kusikiliza. Msimu uliofuata mtu mmoja alimvunja mkewe mkono kwa mchi. Pembe haikupigwa, wala mwanamume hakuitwa kiwanjani kusema kwamba hamo. Kikundi kilikwenda kukaa uani kama kawaida, na safari hiyo Bi Nanzia alikwenda nao. Hakujua kusuka, basi akapewa kazi ya kushika ukindu.

Msinielewe vibaya, wanangu. Uovu hulaaniwa, na anayenyamaza huku mikono yake mitupu aulizwe. Lakini mkitaka kumuuliza mtu, mtazameni kwanza begani. Mkiona ameelemewa na mti, pokeeni pembe moja, mwende naye, mtamsikia njiani.

Maneno ya Bi Nanzia yalikuwa marefu, na watu waliyakata kadiri yalivyopita mdomo hata mdomo, yakabaki haya: mbeba machela haulizwi kama ameliona jeraha.