Mama wa Mwenye Bucha

Wale mliokaa karibu na mlango, sogeeni mbele kidogo mvua isiwaloweshe, niwasimulie habari za mtu mmoja mwenye bucha.

Mtu huyu alikuwa wa huku huku kwetu milimani, na jina lake tumwite Ambakisye. Bucha yake ilikuwa pembeni mwa soko, safi, inang'aa vigae. Alikuwa mkarimu. Mjane akija kununua robo kilo, anaondoka na robo yake na kipande cha nyongeza. Na mama yake alimpenda sana. Hilo nataka mlishike tangu sasa, kwa sababu huko mbele mtataka kumhukumu.

Mama huyo aliitwa Tusekile. Bibi mrefu, mcheshi, mpenda nyama. Meno yalipomwisha kinywani, mwanawe alimpeleka kwa daktari wa meno akatengenezewa meno ya bandia, ya juu na ya chini. Basi soko zima likapata habari! Ambakisye alikuwa akimwona tu mama yake anakatiza, anaacha kisu, anaita, "Mama, hebu cheka wateja wakuone!" Bibi anacheka, wateja wanacheka, na Ambakisye anawaambia, "Huyu sasa anatafuna mpaka gegedu!"

Siku moja ya mvua, bibi alitoka uani kuwafungia kuku. Akateleza, akaenda chini vibaya, uso kwenye jiwe la kufulia na nyonga kwenye ukingo wa msingi. Nyonga ikavunjika. Wakampeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akalazwa wodi ya wanawake.

Ambakisye alifanya nini? Alifanya vile ambavyo mimi na wewe tungefanya. Aliamka alfajiri, akachagua nyama nzuri kuliko zote buchani, mkewe akaipika na ndizi, wakajaza hotipoti kubwa. Asubuhi, kabla ya kufungua biashara, anapita wodini na pikipiki yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi anajibu, ameshika upindo wa kitenge mdomoni.

"Leo nimekuletea ya mbavu. Kula yote, upate nguvu. Wateja wananisubiri, mama, nitapita jioni."

Na kweli, jioni anapita. Anainua hotipoti, anaitikisa. Nyepesi. Anafungua kifuniko. Tupu! Anafurahi kama mtoto. Anamshukuru Mungu pale pale, anabeba chombo chake, anakwenda nyumbani kumwambia mkewe, "Mama anakula, usiwe na wasiwasi."

Lakini mama huyu anayekula, mbona anakwisha? Mashavu yaliingia ndani. Mikono ikabaki ngozi na mfupa. Kidonda cha upasuaji kikagoma kufunga, na mgongoni kikaanza kingine, cha kulala. Walipotaka kumfundisha kusimama, miguu ikatetemeka akarudi kitandani. Ambakisye aliyaona hayo yote, akajiambia ni ugonjwa. Ni uzee. Ni zile dawa. Akaongeza nyama kwenye hotipoti.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke aitwaye Tumpe, aliyegongwa na pikipiki na mguu wake umefungwa plasta mpaka pajani. Alitoka mbali, bonde la upande wa pili, na hakuwa na mgeni hata mmoja. Ambakisye hakuwahi kumpa zaidi ya salamu ya kupita. Ila alimwona ananawiri. Alikuja amekauka kama kuni, sasa uso unang'aa, mikono imejaa. Ambakisye akawaza: huyu anakula nini?

Asubuhi moja, muuguzi mkuu wa wodi alimzuia mlangoni. Alikuwa ameshika utepe, ule wa kupimia mkono.

"Kaka, nilikuwa nampima mama yako. Nikuambie kwa upole. Mama ana utapiamlo, tena mkali. Ndiyo maana kidonda hakifungi."

Ambakisye alicheka kwanza, akidhani amesikia vibaya. Kisha damu ikampanda.

"Utapiamlo, sista? Utapiamlo si wa watoto? Mimi nina bucha! Mama yangu anakula nyama kila siku ya Mungu, hotipoti inarudi tupu, unaniambia ana utapiamlo? Unataka watu wanielewe vipi?"

"Hata sisi tukimuuliza anatuambia amekula," muuguzi akasema. "Wagonjwa ni wengi na sisi ni wachache, hatuwezi kusimama kwa kila mmoja mpaka amalize. Lakini mkono wake haudanganyi. Njoo mchana, kaa naye, uone mwenyewe."

Alikwenda buchani, lakini kisu hakikumkaa mkononi siku hiyo. Utapiamlo! Mama wa mwenye bucha! Ilipofika saa ya chakula cha mchana akavua aproni, akamwachia mkewe duka, akawasha pikipiki.

Akaingia wodini. Na alichokiona kikamsimamisha katikati ya vitanda.

Hotipoti yake ilikuwa mapajani mwa Tumpe. Wazi. Tumpe ameshika mfupa wa mbavu kwa mikono miwili, mafuta yanameta kidevuni, anatafuna. Na mama yake Ambakisye amelala ubavu, anamtazama.

Ndugu zangu, ningekuwa mimi, ningekuwa wewe, tungefanyaje?

"Wewe mwanamke!" Ambakisye alipaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka. "Kumbe ni wewe! Mama yangu anakufa hapa unamwona, nawe unamla! Huna hata haya? Hizi ni mbavu za mama yangu unazitafuna, unajua?"

Tumpe aliuweka mfupa chini taratibu. Akafuta mikono kwenye shuka. Angeweza kujibu, maana jibu alikuwa nalo. Badala yake aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka juu ya plasta, na akamtazama bibi mara moja tu kama anayeomba ruhusa.

Bibi akajiinua kwa kiwiko. Ilimchukua muda, na uchungu wake ulionekana.

"Mwache," akasema.

"Mama, huyu mwizi—"

"Ambakisye. Mwache mtoto wa watu. Mimi ndiye ninayempa."

"Unampa? Kwa nini, mama? Mimi naamka alfajiri kwa ajili yako, wewe unampa?"

Ndipo bibi Tusekile alipoushusha ule upindo wa kitenge aliokuwa akijiziba nao tangu siku aliyolazwa. Akafungua kinywa.

Hakukuwa na jino. Meno yale yaliyotangazwa soko zima yalivunjika siku ile ya kuanguka, uso ulipogonga jiwe. Na vipande vilimchana, naye akayaficha hayo hata kwa wauguzi, waliokuwa wakihangaika na nyonga tu. Ufizi ulikuwa umevimba, una vidonda, na ulimi umefunikwa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ambakisye aliinama akatazama.

"Hata chai inaniunguza, mwanangu," bibi akasema, na sasa ndipo Ambakisye alipoisikia ile sauti ya pengo, iliyokuwa ikizibwa na kitambaa na haraka zake mwenyewe. "Nyama nitaitafunia wapi?"

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza kweli. "Unakuja umesimama, unaondoka umesimama. Nami niliona aibu. Meno ulinipa wewe, ukafurahi mno, nimeyavunja. Na mkeo anapika gizani. Nirudishe chakula chake, mfe moyo? Huyu jirani alikuwa anakunywa maji tu na kulala. Nikasema, basi walau mmoja ale."

Ambakisye alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake alazwe, alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda. Akaushika ule mkono uliobaki ngozi na mfupa, akaulaza shavuni kwake, akalia mbele ya watu wote, mwanamume mzima mwenye bucha.

Kisha akamgeukia Tumpe.

"Dada yangu, nisamehe. Nimekutukana mbele ya watu na ulinyamaza."

"Bibi alinikataza kusema," Tumpe akajibu. "Nilimsihi ale, kaka. Nilimsihi sana. Nilikuwa namwachia mchuzi, anaonja anaacha. Nikila najisikia vibaya. Nisipokula yeye ananuna."

Bibi akacheka. Pengo lote wazi, akacheka, na hakujiziba.

Muuguzi akaja, akatazama kinywa, akamwita daktari. Dawa ya utando ikaletwa siku ile ile. Wakamweleza Ambakisye cha kufanya: kilaini, kilichopoa, kidogo kidogo, mara nyingi, na mtu awe karibu. Asimjaze kwa pupa, maana tumbo lililokaa na njaa linahitaji kubembelezwa.

Mtu wa bucha akaanza kazi mpya. Alichukua maini akayasaga kwenye mashine yake, akayarudia tena na tena mpaka yakawa laini kama siagi. Alichemsha supu ya mfupa, mkewe akaponda ndizi ndani yake. Asubuhi walipeleka uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga. Na alipeleka vyombo viwili. Kimoja cha mama, na kimoja cha Tumpe, chenye mbavu zake, naye akamkabidhi kwa mikono yake mwenyewe.

Bucha sasa ilichelewa kufunguliwa. Wateja walinung'unika, akawaambia, "Namlisha mama kwanza." Na saa ambazo hakuweza kuwepo, mnadhani nani alishika kijiko? Tumpe. Mguu wake ulikuwa mbovu, mikono yake ilikuwa mizima. Wakavisogeza vitanda vikaribiane, naye akamlisha bibi, kijiko, anangoja ameze, kijiko kingine. Wodi ikazoea kuwasikia wakibishana.

"Kimoja tu, bibi."

"Ulisema hivyo kwa kile kilichopita."

"Kile kilikuwa changu. Hiki cha Ambakisye."

Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna siku bibi aligeuza uso ukutani, na kuna siku alitapika kila kitu. Lakini kinywa kilipona. Mashavu yakarudi polepole. Kidonda kile kilichogoma kikaanza kufunga, na asubuhi moja bibi Tusekile alisimama, ameshikilia chuma cha kutembelea, akapiga hatua mpaka kitanda cha Tumpe, akaketi hapo akihema kama mtu aliyepanda mlima.

Alirudi nyumbani. Mwanawe alipomuuliza kama anataka meno mengine, alijibu atafikiria, kwanza ampe maini yake. Na siku Tumpe alipofunguliwa plasta, ni Ambakisye aliyembebea mzigo wake mpaka stendi.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi.

Nimewaambia tangu mwanzo kwamba Ambakisye alimpenda mama yake. Sikuwaletea mtoto mbaya, kwa sababu ningewaletea mtoto mbaya mngesema, "Huyo si mimi," mkarudi nyumbani salama. Nimewaletea mtoto mwema. Aliyejitoa. Aliyeamka alfajiri. Na mama yake alikuwa anakufa kwa njaa mikononi mwake.

Kosa lake lilikuwa nini? Kila jioni alikiuliza chombo. Chombo kikajibu, naye akaridhika. Mwenye kinywa alikuwa pale pale, hakuulizwa.

Nasi je? Kanisa hili lina watu wodini hivi leo, mnawajua. Tuliwatembelea. Tulibeba ndizi, tulibeba maziwa, tulibeba sabuni. Tukasimama kuzunguka kitanda, tukaimba beti zote, tukaomba kwa sauti, tukapiga picha, tukaondoka. Nani kati yetu alibaki? Nani aliuliza kama mgonjwa anaweza kushika kikombe? Nani alimenya ile ndizi? Tuliiacha juu ya kabati, na mkono wa mgonjwa haufiki kwenye kabati!

Na nyumbani kwetu? Yule mzee wa chumba cha nyuma, ambaye sahani yake mnaiondoa imejaa mnasema, "Siku hizi hali kitu, ni uzee tu." Mmetazama ndani ya kinywa chake? Mmekaa naye akila, au mnamsukumia sahani mlangoni mnarudi kwenye televisheni? Njaa ya mgonjwa haina kelele, wapendwa. Inajiziba mdomo kwa kitenge, inasema "nimeshiba, mwanangu," kwa sababu inakuona una haraka, na inakuhurumia.

Mimi naogopa siku ile Bwana atakapotuuliza habari za wagonjwa wake. Tutamwonyesha vyombo vitupu. Naye hatatuuliza habari za vyombo.

Kwa hiyo leo wimbo wa mwisho hatutauimba. Muda wake nimeutoa kwa ajili ya wagonjwa. Wanaokwenda hospitali mchana huu, nendeni wawili wawili, si kundi. Muombeni muuguzi awaambie nani haruhusiwi kula na nani amezuiwa chakula gani. Naweni mikono. Mkifika kitandani, vuteni kiti, kaeni. Shikeni kijiko. Na msiinuke kumwombea mgonjwa mpaka mmemwona amemeza.