Mji Uliompa Mgeni Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Sema wewe!

Pakawa njia, na mpita njia, na jicho lake mbele yake. Nyie mliokaa nyuma, mnanisikia? Sogeeni. Hadithi haina mkono mrefu.

Hapo kale, katika mji wa Lukombe, palikuwa na mtu jina lake Mwinshehe. Shamba hakuwa nalo. Ng'ombe hakuwa naye. Mali yake ilikuwa mdomo. Akitamba hadithi, watoto husahau usingizi na wakubwa husahau magomvi. Lakini kwenye vitendawili ndiko alikokuwa sultani. Akitega, hakuna wa kutegua. Mkishindwa, anawaambia, "Nipeni mji!" Mnampa mji. Naye si mtu wa kuchukua mji kimya kimya. Huutembeza kwanza mbele yenu: nilifika, nikaona hiki, nikalishwa kile. Ndipo awape jibu.

Mji mmoja watu walimpa kwa makusudi, kwa kuwa walipenda kumsikia akiutembeza.

"Chukua Kinyasi!"

"Kinyasi nilikwenda, Kinyasi nikapaona! Mgeni anakula, wenyeji wamempa mgongo! Baba mgongo! Mama mgongo! Hata mtoto wa kunyonya, mgongo! Wachoyo wale, wanaona uchungu kutazama tonge likiondoka!"

Watu wakashika mbavu. Na ninyi mnacheka. Chekeni tu, bado mapema.

Je, aliona kweli? Aliona. Ujanani alipita Kinyasi na mzigo wa chumvi kichwani. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani mgeni anakula, na watu wa nyumba wote wamegeukia ukuta. Mwinshehe akaona, akacheka, akapita. Hata mzigo hakuutua. Yale ya uchoyo aliyatia mwenyewe huko mbele njiani, kuikoleza hadithi.

Basi miaka ikaenda, hadithi zikachuja. Akifungua mdomo, watu wanamalizia. Akifika penye kicheko, bibi mmoja anapiga miayo. Mwinshehe akaona haya. Akasema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nitatembea niokote mapya." Akatia mihogo ya kuchoma mkobani, akashika njia.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta mtu amebeba mlango kichwani, na nyumba hana. Akaona, akacheka, akapita. Moyoni akasema, "Huyu nitasema kamkimbia mkewe, kachukua mlango asifuatwe."

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta mwanamke amemfunga mbuzi kivulini, mwenyewe kasimama juani anampepea. Akaona, akacheka, akapita. Moyoni akasema, "Huyu nitasema mbuzi ndiye mume."

Mlango ule ulikuwa wa nini? Mbuzi yule alikuwa na nini? Msiniulize mimi. Mwinshehe hakuuliza, na hadithi hii nimeipata kwa njia yake.

Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka Kinyasi. Huko mvua ya milimani imeshusha maji, mto umefurika. Kuvuka hakuna. Mihogo imekwisha, tumbo linanguruma. Ikambidi abishe mlango wa kwanza aliouona.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, baba, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Aliyemkaribisha ni mjane, Bi Mwamvua. Alikaa na binti yake, Sikudhani, na wajukuu wawili wadogo. Sikudhani akaleta maji ya kunawa. Kuku akachinjwa, yule mmoja tu waliyekuwa naye. Ugali wa mtama ukasongwa, ukaja na mvuke wake. Mwinshehe akautazama ukuta, akawatazama wenyeji, akasubiri. Anajua kinachokuja. Kicheko kikamponyoka puani.

"Karibu chakula, baba," akasema Bi Mwamvua. Akageuka. Sikudhani akageuka. Wajukuu wakageuka. Migongo minne, mgeni na sahani yake.

Mwinshehe akala huku macho yanaokota. Mgongo wa mama umepinda, hilo litafaa. Kanga ya binti ina kiraka, hilo nalo. Akafika kwa mjukuu mdogo. Mgongo mwembamba, mifupa ya bega imetokeza. Mtoto akataka kugeuka. Sikudhani akamshika kidevu, akamrudisha ukutani. Hakumkaripia. Alimrudisha polepole, akamwekea mkono kichwani.

Hapo Mwinshehe hakucheka. Na kupita hawezi. Akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya katika safari zake zote. Akauliza.

"Mama, samahani. Mbona mmenipa mgongo?"

Bi Mwamvua akajibu, uso ukutani.

"Ilikuwa mwaka wa njaa, baba. Mimi nilikuwa binti mdogo. Alikuja mgeni, na ndani unga ulikuwa wa sahani moja. Mama akampikia yeye, maana mgeni ni mgeni. Sisi watoto tukakaa tukamtazama. Hatukusema neno. Macho tu. Yule bwana akakata tonge, akalirudisha. Akakata tena, akalirudisha. Akasema ameshiba. Ameshiba nini, na hajala? Akaaga, akaenda. Kesho yake wakamkuta njiani, amekufa. Tangu siku ile, mgeni akila Kinyasi hatumtii macho. Ale ashibe."

Jamani! Tonge la Mwinshehe likabaki mkononi, halipandi, halishuki.

"Kula, baba," akasema mama. "Usifanye kama yule."

Akala. Kula kule kulikuwa kugumu kuliko njaa yenyewe.

Vyombo vikaondolewa. Wakasogea mekoni. Bi Mwamvua akatia kuni, akasema, "Utatusamehe, baba, tumesahau kukaa na watu. Wageni hawaji siku hizi. Kuna mtambaji huko Lukombe katutangaza wachoyo. Hapo ulipokaa ndipo alipokaa mshenga wa Shomari, kijana wa hukohuko Lukombe. Alikuja kumposea huyu Sikudhani. Nasi tulikubali. Kisha mama yake Shomari akausikia ule wimbo wa mgongo, akavunja posa. Kasema mwanawe haoi kwa watu wasiotaka kumwona mgeni."

Sikudhani alikuwa anasugua chungu. Hakuinua uso. Aliendelea kusugua palepale, na pale palikuwa pamekwisha kutakata.

Mwinshehe alikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo wake, mali yake yote, ukakataa kufunguka. Akatazama vidole vya miguu yake. Mmewahi kuona haya mpaka masikio yakawaka moto? Basi ndivyo. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Kinyasi ilikuwa imelowa, haikupasuka.

"Tuchangamke kidogo," akasema Bi Mwamvua. "Kitendawili!"

Mwinshehe akaitikia kwa sauti ndogo, "Tega."

"Kapita mlangoni bila hodi, kachukua nyumba nzima, na nyumba ingalipo."

Sultani wa vitendawili alijua jibu kabla mama hajafunga kinywa. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa lake. Kulitamka ndiko alikoshindwa.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Mwinshehe akatafuta mji wa kutoa. Kila mji uliomjia ulimi ulikuwa umekwisha kuchekwa. Ule alisema wanaoga na nguo. Ule alisema wanazika jogoo. Hakuna alioupita bila kuutia doa, isipokuwa mmoja tu, alikozaliwa.

"Chukua... chukua Lukombe."

Wajukuu wakageuka wakamtazama. Sikudhani akaweka chungu chini. Mwinshehe akainama akangoja. Akajua sasa Lukombe utatembezwa, na utatembezwa ipasavyo. Baba yake atasemwa, mama yake atasemwa, jiko la kwao litasemwa, naye ameyataka mwenyewe.

Bi Mwamvua akasogeza kuni. Kisha akasema, "Lukombe sijafika. Sijui wanakulaje, sijui mgeni wanamkalisha wapi. Siwezi kuusema. Chukua mji wako, baba. Na jibu ni jicho."

Afadhali angemtukana!

"Mama," akasema Mwinshehe, "umenijua lini?"

"Mgeni yeyote tukimgeukia huuliza, nimekosa nini? Wewe ulicheka kabla hatujageuka. Nikajua huyu katuona siku nyingine."

"Na ukaniambia nile?"

"Ulikuwa na njaa."

Mto ulipopungua Mwinshehe akarudi kwao. Watu wa Lukombe wakamzunguka. "Umetuletea nini?" Akawapa hadithi ya mwaka wa njaa, kama alivyopewa, bila chumvi. Kisha mmoja akasema, "Hii haichekeshi, bwana. Tupe ile ya mgongo!" Na kabla hajakataa wakaianza wenyewe, makofi na vigelegele: "Baba mgongo! Mama mgongo!" Mwinshehe akasimama katikati, anasikia maneno yake yakitoka kwenye vinywa vya watu, wala hana uwezo wa kuyazuia. Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu zangu. Yeye alikuwa ameyamwaga kwa miaka.

Akaenda kwa mama yake Shomari. Akamwambia, "Uliyoyasikia kwangu juu ya Kinyasi, uchoyo niliutia mimi."

Mama yule akamtazama toka juu hadi chini. "Jana ulisema hivi, leo unasema vile. Nikuamini la jana au la leo?"

Mtu wa maneno, maneno yamemwishia. Akasema, "Usiniamini. Twende ukaone."

Wakaenda. Njia nzima Mwinshehe hakutamba hata kimoja.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama, karibu!"

Maji yakaletwa. Sahani ikawekwa, ya watu wawili. Bi Mwamvua akageuka. Sikudhani akageuka. Wajukuu wakageuka. Mwinshehe akaitazama sahani, hakukaa. Akapita akaenda ukutani, akaketi na wenyeji, akampa mgeni mgongo. Sikudhani akasogea kidogo, akamwachia nafasi. Neno hakumwambia, siku hiyo wala siku nyingine.

Mgeni akaitazama migongo. Kisha mama yake Shomari akauliza, "Jamani, mbona mmenigeukia? Nimekosa nini?"

Bi Mwamvua alimwachia Mwinshehe ajibu.

Naye akaeleza. Alieleza polepole, uso ukutani, bila kikorombwezo, bila kibwagizo. Akataja unga wa sahani moja. Akataja macho ya watoto. Akamtaja mgeni aliyesema ameshiba. Alipomaliza akainama, machozi yakamshuka, akashukuru kwamba Kinyasi hakuna anayemtazama mtu usoni wakati wa chakula.

Nyuma yao wakasikia maji ya kunawa. Wakasikia tonge likikatwa. Mama yake Shomari alikuwa anakula.

Basi hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, na akiibeba aibebe nzima. Asiyeipenda aniachie mimi mwenye mzigo.