Kwa Nini Krimu ya Chokoleti Hulazwa Kabla ya Kupakwa

Enzi zile za mbali, ambazo hata walionisimulia walisimuliwa tu, krimu ya chokoleti haikuwa ikishika juu ya keki. Ilimwagwa ikatiririka, ikakusanywa, ikamwagwa tena, ikatiririka tena. Watu walikula keki ikiwa uchi, halafu wakainywa krimu yake kutoka kwenye sinia kama wanywao uji. Wakajifuta midomo na kulaumu.

Msiniulize keki ilifikaje katika nchi ile ya mabonde ya kakao, wala nani aliyeioka ya kwanza. Nimekuta inasimuliwa hivyo, nami umri huu sina nguvu za kubishana. Waliipika ndani ya chungu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, nayo iliumuka na kuiva vizuri tu. Taabu ilianza pale ilipotakiwa kuvishwa.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa na desturi moja waliyoishika kwa mikono miwili. Chakula cha mgeni kilipaswa kuwa cha moto, kinafuka. Chakula kilichopoa walipewa mbwa, au alipewa mtu anayefukuzwa, ili aelewe bila kuambiwa. Ukiwekewa ndizi za baridi mbele yako, ulinyanyuka, ukachukua fimbo yako, ukaenda. Kwa hiyo hakuna mpishi aliyethubutu kukiacha chungu kipoe, na hakuna mpishi aliyekaa kitako kabla wageni hawajanawa mikono kwa mara ya pili, baada ya kula. Krimu nayo ilitolewa motoni ikichemka na kumwagwa hivyo hivyo juu ya keki. Mnaopika mmeshaona kosa liko wapi. Wao hawakuliona. Waliposhindwa walisema mkono wa mkorogaji ni mvivu, akoroge zaidi.

Mkorogaji wa wakati huo aliitwa Tupokigwe. Mwiko aliurithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, kwa kuwa kazi ile ilifuata damu. Mkono wa mama ukifa, mwiko ulihamia kwa binti. Walisema mkono unakufa, wala hawakuona ubaya wa neno hilo. Mama yake Tupokigwe alizikwa vidole vikiwa vimekunjamana, kwa sababu waliomwosha walijaribu kuvinyoosha wakashindwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbegu za kakao zilitolewa kwenye ganda na utelezi wake mtamu, zikavundikwa chini ya majani ya migomba, zikaanikwa. Zikishakauka zilikaangwa kwa moto mdogo hadi kijiji kizima kisikie harufu. Zilimenywa moja moja zikiwa bado zinaunguza vidole, zikapepetwa, zikasagwa juu ya jiwe hadi zitoe mafuta na kuwa rojo nyeusi. Hapo ndipo yalipoingia maziwa mazito, asali, na siagi iliyosukwa asubuhi hiyo. Halafu mwiko. Tupokigwe alikoroga akiwa amesimama, kwa maana mkorogaji aliyekaa alionekana anawachezea wageni. Alikoroga mpaka bega likawaka moto, na lilipoacha kuwaka ndipo alipoogopa, kwa sababu bega lisilouma ni bega lililokata tamaa.

Alikuwa amechoka. Naomba mlielewe neno hilo kama lilivyo. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na huzuni ya pekee. Alikuwa amechoka uchovu wa mtu anayeamka na kukuta uchovu wa jana umemtangulia jikoni. Usingizi alioupata ulimfikia juu juu tu. Alipoongea na watu alisahau katikati alichotaka kusema, akaishia kutabasamu, nao wakamwona mpole.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Ambwene, aliyekuwa ametoka kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kila jioni Tupokigwe alipita kwake, akaketi mlangoni, akamtazama binti yake akimnyonyesha mtoto kwa mikono laini, isiyo na kovu hata moja la kuungua. Kumtazama kulimtosha.

Ikatangazwa harusi ya Bupe, binti wa chifu. Mzee Mwasomola, aliyekuwa msimamizi wa sherehe zote za chifu, akaja kwa Tupokigwe kuzungumza naye. Mzee huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeandaliwa chakula maisha yake yote, na hali hiyo humfanya mtu asione baadhi ya mambo.

"Mama Ambwene," alisema, "tumekuonea huruma. Mkono wako umechoka, kila mtu anaona. Keki ya Bupe ikitoka uchi kama zile nyingine, tutaupokea mwiko tumpe Ambwene. Nawe upumzike."

Tupokigwe alitikisa kichwa. "Baba, mimi nataka kupumzika. Sijaomba kumtoa mwanangu."

"Si ndiyo utapumzika?"

"Nikisikiliza kelele za mwiko wake?"

Mzee akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee wenzake, akaaga. Tupokigwe alibaki amesimama pale pale. Alikuwa akiiona ile mikono ya binti yake, na mtoto akilia mgongoni kwa mama asiye na nafasi ya kumshusha. Alijua jinsi mtoto wa namna hiyo anavyolia, maana Ambwene mwenyewe alilia hivyo mgongoni kwake.

Siku ya harusi alianza kabla jua halijapanda. Alikaanga, akamenya, akasaga. Aliweka maziwa, asali na siagi, akakoroga kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na nyingine alizokopa kwa kesho. Keki ilikuwa imeshaiva, kubwa, ya rangi ya asali, imekaa juu ya sinia ikingoja. Akaimwagia krimu ikichemka. Krimu ikatelemka pande zote kama maji juu ya jani la mgomba, ikajaa kwenye sinia, na keki ikabaki inamkodolea macho. Akaikusanya kwa kijiko, akairudisha chunguni, akaongeza kuni, akakoroga tena. Akamwaga. Ikatelemka. Nje ngoma zilikuwa zimeanza, na vijakazi wa chifu walikuwa wakichungulia mlangoni kila mara kuuliza bado.

Aliponyanyua mwiko kuanza tena, mkono haukunyanyuka. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine. Akajaribu wa kushoto, mwiko ukagonga ukingo wa chungu.

Ambwene alikuwa ameingia, mtoto mgongoni. Alinyoosha mkono kuupokea mwiko.

Tupokigwe akampiga mkono ule. Hakuwahi kumpiga mwanawe tangu amzae, na kofi lenyewe lilikuwa jepesi kwa jinsi alivyokuwa hana nguvu, lakini wote wawili walishtuka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mpishi wa nchi ile aliyewahi kulifanya. Aliinama, akakiipua chungu kwa kukivuta na uzito wa mwili wake wote, akakiweka chini sakafuni. Akafungua nguo yake ya begani, akakifunika. Akajilaza ubavu mbele yake, akakizungushia mkono, ili mtu akitaka kukifikia kile chungu amruke yeye kwanza. Alikusudia kukilinda tu. Lakini mwili ukishapata sakafu hauna mashauri mengi. Akalala.

Akalala usingizi wenyewe sasa, ule wa chini kabisa, mdomo wazi, na akakoroma.

Ambwene alimtazama mama yake. Hapo ndipo alipoona vile vidole, vilivyokuwa vimeanza kukunjamana, na moyo ukamuuma hasa. Akatoka, akaketi kwenye kizingiti, akamshusha mtoto, akamweka kwenye titi. Na katika nchi ile mama anayenyonyesha hasogezwi. Hata chifu mwenyewe angezunguka.

Mzee Mwasomola akafika mbio, joho limepinda. "Mama yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala! Na chungu?"

"Kipo."

"Mwanangu, kinapoa hicho!"

"Kitapoa, baba."

"Mwamshe."

"Mtoto ananyonya."

Mzee akangoja mtoto amalize. Mtoto akamaliza upande mmoja, Ambwene akamhamishia upande wa pili. Mtoto akashiba, akasinzia; Ambwene akamgusa shavu, mtoto akaanza tena. Nyuma ya mzee walikusanyika watu, wengine wakinung'unika, wengine wakinong'ona kwamba leo chifu ataaibika mbele ya wakwe. Wakatumwa wajumbe, wakarudi, wakatumwa tena. Ngoma zikanyamaza zenyewe kwa kuchoka. Mwishowe mzee Mwasomola, kwa kukosa la kufanya, akaketi chini ukutani, na wengi wanasema ndiyo mara yake ya kwanza kusikia jinsi mtu aliyechoka anavyokoroma.

Tupokigwe aliamka jua likiwa limeshahamia upande mwingine wa nyumba. Kwa kitambo alijisikia vizuri, mwepesi, kama mtu asiye na deni na mtu. Kisha mkono wake ukagusa chungu, na chungu kilikuwa baridi.

Akaanza kulia. Alilia kimya kimya huku akifunua ile nguo, kwani hakuwa na haja ya kuambiwa maana yake. Amewapikia wageni wa chifu chakula cha kufukuzia watu. Mwiko ungechukuliwa, Ambwene angesimama hapa kesho. Moto ulikuwa umezimika, kuni zimekwisha. Akasema moyoni, basi, angalau keki isiende uchi, niivishe nilichonacho kisha waje wachukue wanachotaka.

Akazamisha mwiko, ukasimama. Krimu ilikuwa imejikusanya, nzito, nyororo, inang'aa kama udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri. Aliichota, nayo ikakubali kuchotwa bila kudondoka hata tone. Akaiweka juu ya keki, akangoja itelemke kwa vile alivyoizoea. Haikutelemka. Akaipaka kwa mgongo wa mwiko, taratibu, na kila alipopitisha mwiko krimu ilibaki na alama ya mkono wake. Akazungusha pande zote. Keki ikavaa. Aliacha kulia bila kujua ni saa ngapi ameacha.

Wakaibeba hadi uwanjani. Watu waliponyamaza, Tupokigwe alidhani ni hasira. Bibi harusi alikatiwa kipande cha kwanza, akatia mdomoni, na chifu akamwinamia.

"Ni ya baridi," chifu alisema, uso umekunjamana.

"Ni ya baridi, baba," Bupe alijibu, mdomo umejaa. "Naomba nyingine."

Wakala. Walipomaliza walilamba vidole, na hakuna aliyenyanyuka kuchukua fimbo yake. Sifa zikaanza, na kwa kuwa watu ni watu, walisifu mkono. Walisema mkono wa Tupokigwe umefufuka, hapajawahi kutokea mkono kama huo. Mzee Mwasomola akamsogelea, akamuuliza kwa heshima amekoroga namna gani safari hii.

"Nililala," alisema Tupokigwe.

Wakacheka. Hakucheka nao. Wakaangaliana, na mzee Mwasomola, aliyekuwa amekaa ukutani muda wote ule, akawa wa kwanza kuacha kucheka. Aliwageukia wenzake akasema kwamba ni kweli, yeye ameshuhudia kwa masikio yake.

Chifu akampa Tupokigwe ruhusa ya kuomba chochote. Watu walitega masikio, wengine wakikisia ng'ombe, wengine shamba la bondeni. Tupokigwe akauweka mwiko mbele ya miguu ya chifu, juu ya nyasi.

"Naomba mwiko huu usiwe wa damu yangu," alisema. "Usiwe wa damu ya mtu. Mwenye kula, naye akoroge. Akichoka, ampe mwenzake."

Chifu alikuwa na mashaka, lakini alikuwa ameshatoa neno mbele ya wakwe, na mdomoni bado alikuwa na ladha ya ile krimu. Akainama, akauokota.

Na tangu siku hiyo krimu ya chokoleti haimwagwi ikichemka. Huipuliwa, ikafunikwa kwa nguo, ikalazwa mpaka ijikusanye yenyewe, nayo ndiyo chakula pekee ambacho mgeni wa nchi ile hupewa kikiwa kimepoa asione ametukanwa. Mwiko huzunguka kwa watu wote wa sherehe, wanaume kwa wanawake, kila mtu na zamu yake. Na krimu inapolazwa, wapishi nao hulala. Ukipita ukakuta nyumba yenye harusi iko kimya mchana, usibishe hodi. Anayemwamsha mpishi humaliza kazi yake yote mwenyewe, hata awe mgeni wa heshima.

Tupokigwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiketi zaidi ya kusimama. Wasichana walimwendea na kumuuliza, kati ya keki zote alizozivisha, ni ipi iliyompendeza kuliko zote. Hakutaja keki. Alinyoosha kidole kule jikoni, ambako Ambwene alikuwa na mwiko siku hiyo, akasema, "Mtazameni yule. Akichoka, anaachia."