Moyo Uliopiga Hodi

Nyamazeni! Ngano hii naijua mimi tu, hata zimwi lenyewe liliisahau nusu.

Moyo wa zimwi ulipochoka, lilimkamata msichana Mwanakombo, likaung'oa moyo wake, likautia kifuani mwake. Likapona. Njaa ikalishika, likaenda kumla mama yake Mwanakombo.

Mlango ulikuwa wazi, lakini miguu ikagoma kizingitini. Kifuani ikatoka sauti ya msichana: "Hodi!"

"Ingieni, miguu mijinga nyie!" zimwi likafoka.

"Mimi nimelelewa. Siingii kwa watu bila kukaribishwa. Hodi!"

Mama akachomoka jikoni. "Mwanangu! Kari..."

"Mama, usinijibu! Nikiingia mimi, limeingia zimwi!"

Mama akajiziba mdomo, machozi yakimtiririka.

"Moyo ni wangu!" zimwi likanguruma.

"Kifua ndicho chako. Mimi ni Mwanakombo. Hodi!"

Hodi ya tatu isipojibiwa, mwenye adabu huondoka. Miguu ikageuka. Zimwi likafika kwake, nako likakwama mlangoni: "Hodi! Hodi! Hodi!" Nani alikaribishe, nalo liliishi peke yake? Likafa njaa pale nje, Mwanakombo akilicheka mpaka pigo la mwisho.

Anayebisha akaliulize zimwi.